Mnazi Mmoja ni uani kwetu: barua ya wazi kwa wanaosimamia ardhi na mipango ya mji

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum. Nakuandikieni kwa pamoja, nyinyi mnaosimamia ardhi, mipango ya mji, mambo ya kale na michezo hapa Unguja, kwa sababu jambo lenyewe linamgusa kila mmoja wenu. Nikimwandikia mmoja peke yake najua litakaa mezani likimsubiri mwenzake.

Mimi ni mzaliwa wa Kikwajuni, na bibi yangu mzaa baba alizaliwa hapo hapo, kwenye nyumba ya udongo ambayo leo haipo. Siku za karibuni walikuja vijana wawili na kamba ya kupimia, wakapita ukingoni mwa kiwanja cha Mnazi Mmoja, wakachomeka vigingi vitatu, wakaandika kwenye daftari, wakaondoka. Niliwauliza wanapima nini. Walinijibu kwa adabu kwamba wao wametumwa tu. Nikenda kwenye ofisi moja kuuliza, nikaambiwa nirudi kesho. Nilivyorudi nikaambiwa jambo hilo halinihusu. Huenda vilikuwa vigingi vya bomba la maji, na vikiwa hivyo nitashukuru. Lakini neno lile, "halikuhusu", limenikosesha usingizi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kiwanja kile kinamhusu kila mtu aliyekulia Kikwajuni, Kisiwandui, Vikokotoni na Kisimamajongoo. Nyumba zetu ni ndogo. Hatuna bustani wala viwanja vyetu. Uani kwetu ni Mnazi Mmoja.

Nawaomba mje mkione baada ya sala ya alasiri. Watoto wanavuka barabara makundi makundi, viatu wamevifunga kamba wamevitundika shingoni, mmoja kakumbatia mpira. Kandambili nne zinatosha kufanya magoli mawili. Ukihesabu vizuri utaona mechi tano au sita zinachezwa kwa wakati mmoja, zimepishana, na kila mtoto anaujua mpira wake. Wazee wanakaa pembeni. Mwenye mihogo ya kukaanga anajua pa kuweka jiko lake upepo wa kusi ukivuma, na anajua pa kulihamishia ukigeuka kuwa kaskazi.

Halafu njooni tena siku za bamvua. Upande wa bondeni mtakuta maji yametuama kwenye majani, na mgeni atasema ni mvua ya jana. Siku moja nilimwona mtoto wa miaka sita hivi, mpira wake umeganda kwenye dimbwi, kainama kuutoa, kisha katia kidole mdomoni. Akageuka akamwambia mwenzake: "Chumvi!" Ilikuwa bahari. Majani ya upande ule yameungua na kuwa ya rangi ya kutu, na kila mwaka yanaungua mbele zaidi.

Mtoto yule aligundua kwa ulimi wake kitu ambacho kila mpango wa sehemu hii ungepaswa kuanzia. Mji Mkongwe ulikuwa rasi. Mkono wa bahari uliingia kutoka upande wa kaskazini, pale Funguni, ukapita nyuma ya mji, na maji yakijaa mji wote ulikaribia kuwa kisiwa. Shingo ya ardhi iliyobaki, ambapo mtu aliweza kupita kwa miguu, ndiyo Mnazi Mmoja. Waliokaa upande wa pili wa maji waliitwa watu wa ng'ambo, na jina likabaki hivyo hivyo: Ng'ambo. Palipokuwa na daraja pakaitwa Darajani, na leo watu wananunua samaki na vitambaa Darajani bila ya kuona daraja lolote, kwa sababu mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20 na juu yake ikapita barabara, ile tuliyoizoea kwa jina la Creek Road na ambayo sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Maji yalifukiwa, lakini ardhi haikunyanyuka. Kiwanja cha Mnazi Mmoja ndicho kilichobaki kuwa beseni la mji: mvua ya masika ikishuka kutoka Kikwajuni Juu hupita Kikwajuni Bondeni ikaishia pale, na bahari ikipanda hukutana nayo pale pale. Atakayejenga juu ya beseni hilo awe na jibu la swali moja kabla ya yote: maji yaende wapi? Mimi jibu ninalo, maana nimekulia Bondeni. Yatakuja vyumbani mwetu.

Sasa nataka kusema juu ya mtaa wenyewe, maana naona mara nyingi Ng'ambo inazungumzwa kama sehemu iliyoota bila ya historia, na historia yote imewekwa upande wa pili wa barabara, kwenye milango ya kuchongwa. Mji Mkongwe uliandikwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sisi wa Ng'ambo tulifurahi kama wenyewe, kwa sababu mafundi wengi walioujenga na wapishi waliopika ndani yake walikuwa wakirudi kulala huku. Baada ya amri ya 1897 ya kuuondoa utumwa Unguja na Pemba, wengi walioachwa huru walikuja kuanza maisha hapa, pamoja na watu wa mashamba, Wangazija, watu wa Mrima na kila aliyetafuta mji. Walijenga nyumba za miti na udongo, makuti juu, baraza mbele. Nyumba ilikuwa yao, ardhi chini yake haikuwa yao. Walilipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja, na mwaka 1928 wakagoma kuilipa. Mgomo ule ni kitu kikubwa. Watu wasiokuwa na chama wala gazeti, walala hoi wa Ng'ambo, walikubaliana mtaa kwa mtaa kwamba hatulipi. Mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuja mjini akakaa nasi huku, alisafiri kwenda Bombay kurikodi nyimbo kwa Kiswahili. Nikifikiri kwamba mambo hayo mawili yametoka ndani ya mitaa hiyo hiyo na mwaka huo huo, nasimama njiani. Na hakuna hata ubao mmoja unaomwambia mtoto wa skuli akipita.

Majina yetu ni miti. Kikwajuni ni ukwaju. Michenzani ni michenza. Miembeni, Mwembeladu, Mwembetanga, zote ni miembe. Na mbele yetu mnazi, mmoja. Mtu akisoma ramani ya Ng'ambo kwa sauti ni kama anatembea shambani. Na pasipo na mti pana habari: Kisiwandui, ambapo wazee wanasema ndipo walipotengwa wenye ndui, Gulioni, palipokuwa na gulio, Kisimamajongoo, ambapo kisima kimepotea na majongoo yamebaki kwenye jina. Bibi yangu alikuwa akielekeza njia kwa majina ambayo siku hizi hayamo kwenye bahasha wala kwenye simu: kwa fulani mshona kofia, penye mkwaju ulioanguka, kilingeni. Alipofariki yalikwenda naye mengi. Nilikuwa na miaka 19 na sikuandika hata moja, na hilo najilaumu mpaka leo.

Na kiwanja kimekuwa sehemu ya habari hiyo tangu mwanzo. Wakoloni walikuwa na gofu na kriketi yao pale, na ule uwazi wenyewe uliwafaa kuutenga mji wa mawe na huku kwetu. Mwaka 1923 mpangaji wao, Lanchester, alichora mpango wa mji mzima. Mwaka 1925 wakajenga Beit el-Amani, jumba la makumbusho lenye kuba jeupe, ambalo kwetu ni dira: mtoto akipotea kiwanjani anaambiwa atazame kuba. Lakini walichokitenga wao kiligeuzwa na watu wa Ng'ambo. Vijana walianza mpira, timu zikazaliwa kwa mitaa, na ile nafasi iliyowekwa ili tusikaribie ikawa ndiyo mahali tunapokutana. Maulidi ya Mtume yalisomwa pale, watu wamekaa kwenye majamvi, moshi wa udi umetanda, kanzu nyeupe mpaka mwisho wa macho. Sikukuu za Idi tulipelekwa pale na nguo mpya, senti mkononi, tukarudi jioni na firimbi, nguo zimeshachafuka. Nasema haya kwa sababu anayetazama ramani anaona pale rangi ya kijani na neno "wazi", na neno hilo linamfanya adhani hapana kitu.

Yalipokuja Mapinduzi ya 1964 mitaa yetu ilibadilika kuliko kipindi kingine chochote. Marehemu Mzee Karume aliamini kwamba mtu aliyelala chini ya makuti yanayovuja anastahiki nyumba yenye maji na umeme. Wajerumani Mashariki walisaidia, nyumba za ghorofa zikapanda Kikwajuni na Kilimani, kisha yakaja yale majumba marefu ya Michenzani. Mimi si katika wanaoyabeza majumba yale. Shangazi yangu alipata nyumba ya vyumba vitatu bila ya kutoa hongo kwa mtu, akalea watoto saba ndani yake. Lakini ni kweli pia kwamba mitaa mizima ilivunjwa kupisha barabara zile pana, na hakuna aliyeandika nani alikaa wapi, kisima kilikuwa wapi, kaburi la nani lilikuwa chini ya mwembe gani. Hilo ndilo ninaloliogopa lisirudiwe. Jengo linaweza kuwa zuri na bado likafuta kitu ambacho hakuna mtu tena atakayejua kwamba kilikuwepo.

Nina mfano wa mbali, na naomba mnivumilie, kwa sababu umetoka kwa mtu wa nyumbani. Ami yangu alikuwa baharia. Kama vijana wengi wa Unguja wa rika lake alipanda meli za kigeni, akazunguka dunia, na katika bandari zote alizofika, iliyomkaa kichwani ni Hong Kong. Alikuwa akikaa kwenye baraza yetu na kikombe cha kahawa, anageuza uso kuelekea Mnazi Mmoja, anasema: "Wale wana kiwanja kama hichi. Wao wanakimbizia farasi."

Alikuwa akisema juu ya Happy Valley, yaani Bonde la Furaha, ambako kuna moja ya viwanja vya mbio za farasi mashuhuri kuliko vyote Asia. Baadaye nilisoma habari zake na nikaona ami hakutia chumvi. Bonde lile lilikuwa kinamasi chenye homa, Waingereza wakalikausha, na mbio za mwanzo zikafanywa Disemba 1846. Mtaa ukaota kuzunguka kiwanja. Wachina wenyewe wanauita Pau Ma Tei, mahali pa kukimbizia farasi, kwa hiyo mtu anayekaa pale, hata kama hajapata kumgusa farasi maisha yake yote, anwani yake ni farasi. Kwenye kilima cha upande mmoja kuna makaburi: ya Waislamu, ya Wakatoliki, ya Waparsi, yamekaa kimya yanatazamana na majukwaa. Reli ya tramu inauzunguka mtaa. Na mtaa ule umebeba msiba: tarehe 26 Februari 1918 vibanda vya watazamaji vilianguka na kushika moto, wakafa watu karibu 600. Hawakuficha. Wafu wale walijengewa kumbukumbu, na mpaka leo wanatajwa.

Lakini kitu ambacho ami alikuwa akikirudia, kila mara kwa mshangao ule ule, ni hiki. Ndani ya duara la farasi, pale katikati, kuna viwanja vya mpira. Siku zisizo na mbio, watu wa mtaani wanacheza. "Pesa zinazopita pale usiku mmoja zinatosha kuinunua Unguja," alikuwa akisema, "na ardhi yao ni ghali mpaka watu wanaishi kwenye vyumba kama makabati. Na bado pale katikati mtoto anapiga mpira." Walipohitaji uwanja mwengine mkubwa wa mbio, walijaza bahari wakafungua wa Sha Tin mwaka 1978, na Happy Valley wakauacha ulipo, majumba yameuzunguka pande zote kama mashua zilizolizunguka jahazi. Sisemi mji wao hauna makosa, na kamari yao ni yao. Nasema kwamba watu wenye njaa ya ardhi kuliko sisi waliweza kuamua kuwa uwazi ule ndio unaoufanya mtaa uwe mtaa, kwamba bila ya duara lile lile jina lenyewe la Pau Ma Tei lisingekuwa na maana.

Kuna mfano wa pili, wa karibu na wa kuhuzunisha. Nairobi wana Race Course Road, karibu na Kariokor. Farasi walihamia Ngong Road mwaka 1954. Jina limebaki kwenye kibao na juu ya midomo ya makondakta, na anayepanda matatu pale hana habari kwamba farasi walipata kupita. Mnazi Mmoja wenyewe, ule mnazi, tumeshaupoteza. Kiwanja nacho kikiondoka, "Mnazi Mmoja" litakuwa jina la kituo cha daladala na hospitali, na watoto watauliza kama walivyouliza juu ya daraja la Darajani.

Na sisi tulifanya vizuri wakati mmoja, hilo nalo lisemwe. Tulipohitaji uwanja mkubwa wa kisasa tulijenga Amaan, kwa msaada wa China, ukafunguliwa 1970, na Mnazi Mmoja tukauacha kwa watoto na timu za mitaani. Mlandege, timu inayobeba jina la mtaa wa Ng'ambo, imechukua Kombe la Mapinduzi mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, na ile ya pili iliwafunga Simba kwenye fainali. Usiku ule mitaa yetu haikulala. Wachezaji hawaoti Amaan. Wanaota kwenye vumbi na kwenye yale majani yenye chumvi.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Najua uzito wa namba hiyo kwenu. Kila wiki mnaletewa maombi ya soko, maegesho, skuli, ofisi, na kila mwombaji anakionyesha kidole kile kiwanja kwa sababu kiko katikati, hakina nyumba ya kuvunja wala fidia ya kulipa. Nawaelewa. Ndiyo maana nawaomba mjifunge mikono wenyewe sasa, kabla ya kuja mwombaji ambaye mtashindwa kumkatalia: mipaka ya Mnazi Mmoja iwekewe mawe, ichorwe kwenye ramani, na itungiwe sheria kwamba ni pa wazi na pa watu wote, bila ya lango wala tiketi. Pakihitajika kuta za bahari na mitaro yenye milango ya kuzuia maji ya bamvua, hayo ndiyo majenzi yanayopaswa kutangulia, na sisi wa Bondeni tutakuja na majembe yetu tukiitwa.

Kisha juu ya kumbukumbu. Mlipofanya ule mradi wa Ng'ambo Tuitakayo vijana walipita mitaani na madaftari, wakauliza, wakachora, na kwa mara ya mwanzo tuliona kwenye karatasi kwamba maskani zetu na baraza zetu zinahesabiwa kuwa ni urithi. Ilikuwa kazi njema. Msiiache ikae kabatini. Wakaribisheni wazee waliobaki, kila shehia, mkawarikodi. Wako wachache. Yule mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyekuwa akijua kila timu ya Ng'ambo na rangi ya jezi zake, tulimzika mwezi uliopita. Na wekeni vibao, vya kawaida tu, vyenye jina la mtaa na mistari miwili ya maana yake. Gharama ya vibao hamsini haifiki gharama ya sherehe moja ya uzinduzi.

La mwisho ni lile neno la ofisini. Kabla ya kigingi kuingia ardhini, sheha aambiwe, tangazo libandikwe msikitini na kwenye maskani, na watu waitwe wakae wasikie. Tuiteni jioni, baada ya magharibi, kwa sababu mchana wanawake wetu wako sokoni na kazini, na wao ndio wanaojua maji yanapita wapi usiku wa masika. Mwaka juzi jirani yangu, mama wa watoto wanne, alisimama na chepe mlangoni kwake mpaka alfajiri akiyageuza maji yaelekee kiwanjani. Kama palipo na majani pangekuwa na sakafu ya saruji, angeyageuzia wapi?

Bamvua ijayo itaangukia mwezi mpevu. Maji yatajaa kiasi cha saa kumi za jioni. Nitakuwa kwenye baraza ya nyumba yetu, ile inayotazama barabara, na kahawa itakuwepo. Mkija, nitawapeleka mpaka upande ule wa bondeni, mtie vidole nyinyi wenyewe.

Wenu,
Mkaazi wa Kikwajuni Bondeni